Kuwaka Si Uzima

Ukitangaza kwamba unatafuta mashine kuukuu ya gemu, ile ya kusimama iliyokuwa ikimeza sarafu, uikarabati nyumbani, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: nunua inayowaka, isiyowaka ni kuni. Ushauri huo unapendwa kwa kuwa hauhitaji hata bisibisi. Kwa mtu anayetaka kucheza jioni hiyohiyo, sawa, aufuate. Anayetaka kukarabati utamtia hasara.

Mimi niliufuata. Hapa Marekani, kwenye gereji ya mtu, nilioneshwa kabati la gemu linalowaka taa zote na muziki umepamba moto. Nikalipa kabla sijainama. Tulipolinyanyua kulipandisha kwenye pikapu, kipande cha ubao wa chini kikabaki sakafuni, kimevimba na kumeguka kama mkate uliochovywa kwenye chai. Makabati mengi ya miaka ya 1980 yaliundwa kwa chipbodi, na chipbodi ikishakunywa maji hairudi. Tochi na kupiga magoti dakika mbili vingeniokolea pesa.

Sasa tazama kinachoizima mashine. Mara nyingi ni fyuzi, soketi iliyolegea, pawasaplai iliyochoka au kapasita zilizokauka nyuma ya kioo. Vitu hivyo fundi redio wa mtaani anavijua, na bei yake haitishi. Hata bodi ya gemu ikifa, kabati halijafa. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa Japani, JAMMA, kilileta mpangilio mmoja wa nyaya wenye meno 56, na bodi nyingi zilizofuata huchomolewa na kuchomekwa kama kaseti. Za kabla ya hapo, kama Pac-Man ya 1980, zinahitaji kiunganishi cha kati, nacho kinauzwa.

Kigumu kukipata ni ubao mzima wenye michoro yake ya asili, na kioo cha chogo, kwa sababu viwanda vilishahamia bapa. Na kwenye kioo ndipo kuwaka kunapokuwa shahidi wa uongo. Vichochoro vya Pac-Man havibadiliki: kuta zilezile za buluu, mahali palepale, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Katika mashine iliyotumika sana kuta hizo hujichoma kwenye kioo chenyewe. Izime, utazame kwa upande, utaziona zimebaki kama alama ya picha iliyoondolewa ukutani. Kioo cha mashine iliyokufa mapema na kusahaulika stoo chaweza kuwa kichanga kuliko hicho kinachong'aa mbele yako.

Wapo pia wanaokataa kabati lililowahi kubadilishwa gemu, eti si halisi. Hao wakumbuke kwamba mwaka 1981 Nintendo ilikuwa na mashine zipatazo 2,000 za gemu ya Radar Scope zilizododa hapa Marekani. Ikazigeuza kuwa Donkey Kong. Makabati hayo mekundu, yaliyozaliwa kwa kubadilishwa, leo wakusanyaji wanayagombania.

Mashine yangu ya pili, muuzaji aliniomba radhi mara tatu kwamba imekufa. Nikafungua mlango wa nyuma, nikanusa: vumbi tu, ukungu hakuna. Nikagonga mbao, zikaitika kwa sauti kavu. Nikapitisha tochi kwenye kioo, hakikuwa na kivuli cha kitu. Nyaya zake sikuzigusa, maana kioo cha chogo huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na huo si umeme wa kuutania. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikakubaliana naye kabisa kwamba imekufa. Kisha nikamwomba apunguze bei.