Shanga za Noeli: Tutumie Tulicho Nacho



Desemba imefika. Butiki za hapa Niania zimeanza kutundika shanga za plastiki na karatasi za kung'aa. Watoto wanazitazama, kisha wanatutazama sisi. Nasi tunajua kwamba Januari iko mlangoni. Masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini wakubwa wa sekondari bado tunawalipia, na daftari, biki na viatu havianguki toka mbinguni. Kwa hiyo juma hili tunazungumza namna ya kupamba mti wa Noeli bila kugusa franga ya Januari.

Wengine kati yetu huuliza: huo mti si wa Wazungu? Ndiyo, desturi hiyo ilitoka Ujerumani. Lakini shanga si ngeni kwetu. Bibi zetu waliwavisha watoto wachanga shanga kiunoni, na wamama Wambuti wanachora vitambaa vya magome kwa mikono ambayo haijasomea popote. Tukipamba, tupambe kwa ujuzi wetu.

Mti wenyewe tusiukate msituni. Tunaishi jirani na Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa 1992 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia 1996. Mti mchanga unaokatwa kwa siku mbili za furaha haurudi. Matawi matatu ya mawese, yakisimamishwa ndani ya bidoni iliyokatwa na kujazwa mchanga, yanatosha na yanapendeza.

Sasa shanga. Tuchukue daftari zilizokwisha. Tukate kila karatasi kuwa vipande virefu vya pembe tatu, upana wa sentimita 2 kwenye kitako, ncha kali upande wa pili. Tukunje kuanzia kitako, tukizungusha juu ya kijiti cha ufagio, na ncha tuibandike kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Kisha tuchomoe kijiti na kuanika. Rangi zipo jikoni: manjano, makaa yaliyosagwa, ngola nyekundu. Kule Kireka, Kampala, wamama wengi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wamekunja shanga za namna hii wakaziuza. Si mchezo wa watoto tu.

Hapa hesabu inajifundisha yenyewe. Kamba ya mita 3 inahitaji shanga ngapi, ikiwa kila moja ina sentimita 2? Mia moja na hamsini. Watoto sita wakigawana, kila mmoja anatengeneza 25. Mdogo apange rangi: nyekundu, nyeusi, njano, tena nyekundu. Huyo tayari anajifunza utaratibu kabla ya kuingia darasani.

Tuna ombi moja. Kabla ya kukunja, kila mtoto aandike ndani ya karatasi moja jina la mtu anayemkumbuka. Katika nyumba zetu wapo watoto waliofika wakikimbia vita, na hawasemi kila kitu. Jina likikunjwa ndani ya shanga hakuna atakayelisoma, lakini mtoto anajua kwamba mtu wake yuko pale mtini pamoja na wa wengine. Asiyejua kuandika achore. Tusimlazimishe kueleza.

Wenye kupenda mbegu watafute ile nyasi ya kando ya maji yenye mbegu ngumu za kijivu, zile watu wanazotungia rozari. Tundu zake zinatoka na Mungu: ukivuta kikonyo cha ndani, uzi unapita.

Lakini tusikilizane vizuri. Ile mbegu nzuri nyekundu yenye jicho jeusi, tuiache kabisa. Ndani yake kuna sumu kali. Ikimezwa nzima mara nyingine hupita, ila ikitafunwa au ikitobolewa sumu inatoka, na hata moja inaweza kuua mtoto. Kama mtoto ameitia kinywani, tusingoje atapike. Tumpeleke kituo cha afya mara moja, na mbegu iliyobaki mkononi kwa muuguzi.

Mambo mengine mawili. Shanga yoyote humnyonga mtoto anayetambaa, basi kamba zianzie juu ya mkono wake. Na mishumaa isikaribie mti: mawese yakikauka, pamoja na karatasi, chini ya paa la majani ya mangongo, moto hautatupa nafasi ya kutoa hata godoro.

Katika mkutano ujao, kila mama alete kamba moja. Tutaziunganisha zote, na nyumba ambayo haikuweza kutengeneza itapewa ya kwake bila kuulizwa kitu.

Tunawatakia Noeli ya amani.