Tumechoshwa na Vyeti vya Ushonaji, Tunataka Kitambaa

Kuna jambo tunataka kulisema hapa Kakuma bila kuzungusha. Kila mwaka vijana wa kambi wanafundishwa kushona. Wanakaa darasani miezi mitatu au sita, wanakata sketi ya shule kwenye karatasi ya gazeti, wanapigwa picha na cheti mkononi, halafu wanarudi nyumbani bila hata nusu mita ya kitambaa. Baadaye mtu anakuja na fomu kuuliza mbona mmeacha ushonaji. Jamani, mtu atashona nini, upepo?

Vijana hawakuacha kushona kwa uvivu. Waliacha kwa sababu kitambaa kilikuwa mbali na njia ya kukifikia ilikuwa imefungwa. Sasa njia moja imefunguka kidogo, iko kwenye simu, na baadhi yetu tumerudi kwenye cherehani za mama zetu zilizokuwa zimefunikwa gunia kwenye kona. Wengi wetu tuliotoka Uvira, Fizi na Bukavu tulikulia chini ya sauti ya hiyo mashini. Haikuwa "mradi wa kujikimu". Ilikuwa ni mama anashona blauzi yake ya kitenge kabla ya harusi ya jirani, na kipande kinachobaki kinakuwa sketi ya mtoto.

Hebu tuanze na umbali. Vitambaa vya kila aina vimejaa Eastleigh na Biashara Street kule Nairobi. Kutoka huku unapita Lodwar, unapita Kitale, safari ndefu ya basi, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Kibali unaomba, unangoja, pengine unanyimwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na tumeisoma, tunashukuru. Lakini fundi ambaye hawezi kwenda kununua mali yake ana haki ya mikono mitupu. Kwa hiyo tulikuwa tunanunua kile ambacho mwenye uwezo wa kusafirisha mzigo ameamua kutuletea. Akileta ua moja la kijani, kambi nzima inavaa ua moja la kijani. Jumapili unaweza kudhani sisi wote ni kwaya moja.

Siku hizi mwenye duka Nairobi anaweka picha WhatsApp, unachagua, unalipa kwa simu, mzigo unapandishwa basi, unaufuata stegi. Mkiwa kumi mnaagiza pamoja, nauli ya mzigo inagawanywa na haiumi. Dada wa Sudan Kusini anayetarizi milaya anapata shuka nyeupe ya upana anaotaka na nyuzi za rangi anazozijua yeye. Mwenzetu Msomali anaagiza kitambaa chepesi cha dirac. Mkongomani anangoja kitenge chake yadi sita. Kwa mara ya kwanza tangu tufike hapa, tumechagua wenyewe. Mtu ambaye hajawahi kupewa shati na mtu asiyemjua anaweza kuona hilo ni jambo dogo.

Lakini mtandao nao una wezi wake, tena wengine ni wapole sana kwa maneno. Kwa hiyo tunasema wazi mambo ambayo darasa la ushonaji halikutufundisha.

Yadi si mita. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo, kwa hiyo yadi sita ni kama mita tano na nusu. Muuzaji akikuandikia "sita" tu, uliza sita za nini, maana hiyo nusu mita ni blauzi ya mtoto. Uliza na upana. Kuna vitambaa vinavyoonekana vya bei nafuu kumbe ni vyembamba, gauni moja linakula mara mbili. Picha usiiamini: mwambie muuzaji apige video nje kwenye mwanga wa jua, na aweke shilingi juu ya kitambaa ili uone ua lina ukubwa gani. Na neno "wax" lililochapwa pembeni halithibitishi kitu, hata polista inaandikwa hivyo.

Mzigo ukifika, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, ziwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha majivu laini. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Kwa joto la Turkana hili si suala la urembo. Mtoto aliyevalishwa polista saa saba mchana darasani hawezi kusikiliza hesabu. Halafu kabla ya kukata, loweka na uanike kwanza. Pamba inarudi, na gauni lililokatwa kabla ya kufuliwa litakuwa la mdogo wako mwezi ujao.

Shida kubwa zaidi ni jina. Wengi wetu laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine: jirani, rafiki wa mjini, mtu aliyetusaidia zamani na siku hizi hapokei simu. Ukilipa, ujumbe unatoka na jina lisilo lako. Mzigo usipokuja, unadai kama nani? Muuzaji anasema hakujui, na kweli hakujui. Tumeona vijana wakipoteza pesa ya miezi kwa njia hii, na hakuna dawati hata moja la kupeleka malalamiko. Wanaotuandalia semina za "uchumi wa kidijitali" wangeanza hapo, kwa kumsaidia kijana awe na laini na akaunti kwa kitambulisho chake mwenyewe, kabla ya kumfundisha kutengeneza nembo ya biashara ambayo haipo.

Sasa wenzetu vijana. Kuna wanaosema kushona ni kazi ya wasichana. Nendeni sokoni mhesabu mafundi walioketi kwenye baraza, wengi ni wanaume. Ajabu ni kwamba orodha za mafunzo zikitoka, ushonaji unawekwa kwa wasichana na kompyuta kwa wavulana, kama vile mikono ina jinsia. Wengine wanasema mitumba ni rahisi, ya nini kuhangaika. Kweli, mara nyingi shati la mtumba ni rahisi kuliko kitambaa cha shati hilo, hatubishani na bei. Tunavaa mitumba na tutaendelea kuvaa. Ila mtumba haujui urefu wa dada yako, na haujui kwamba bibi hatavaa sketi inayoishia magotini. Na ukiwa na cherehani nyumbani hata mtumba unageuka: suruali ya mtu mkubwa inatoa kaptula mbili za watoto.

Wako pia wanaotuambia: watu wana njaa, nyinyi mnaongea vitambaa? Tunaongea kwa sababu ya njaa hiyo hiyo. Tangu mwaka 2025 mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi, kuna nyumba zimepunguziwa sana na nyingine zimeachwa nje. Pesa inapopungua, nguo ndiyo inayoachwa kwanza. Mtoto anakwenda shule na sare iliyochanika, anachekwa, anaacha kwenda. Kushona nyumbani hakujazi sufuria, hatudanganyi mtu. Lakini sare iliyoshonwa na kaka mtu kwa kitambaa cha kuagiza pamoja ni pesa ya fundi iliyobaki ndani ya nyumba.

Na hapa ndipo tunapogombana na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima yote. Mnataka kila anayeshika sindano awe mjasiriamali. Mnafundisha mia moja kushona nguo ileile, halafu mnashangaa hawapati wateja. Wateja watoke wapi, na kila mtu ni fundi? Fomu zenu zinauliza umepata mapato kiasi gani. Hazina nafasi ya kuandika: mdogo wangu amevaa. Kwa hiyo anayeshona kwa ajili ya nyumba yake anaandikwa kama aliyeshindwa, na mradi unafungwa.

Tunaomba mambo ya kawaida kabisa. Mafunzo yakiisha, mpeni mtu pesa ya kitambaa aagize mwenyewe, msimnunulie marobota ya bluu kwa tenda. Cherehani ziwe za mguu, kwa sababu umeme wetu tunaujua, na zije na mkanda wa akiba, sindano na mafuta. Mashini nyingi kambini hazikufa, zilikatika mkanda tu. Sare za shule za kambi zishonwe kambini. Inatuuma kuona gari linashusha maboksi ya sare kutoka mbali, likipita mbele ya vijana wenye vyeti vyenu vya ushonaji. Na vikundi vinavyoagiza pamoja vipewe kibali kwa mtu mmoja, hata mara moja kwa muhula, aende Nairobi akaguse kitambaa kwa mkono, akaonane na muuzaji uso kwa uso. Muuzaji aliyekwisha kukuona hakufanyii mchezo kirahisi.

Sisi hatungojei majibu ndipo tuanze. Oda ya pamoja ya kitambaa cha sare inaandaliwa sasa hivi, kabla muhula haujafunguliwa. Anayetaka kuingia alete kwanza vipimo vya mtoto: kifua, kiuno, urefu wa sketi au kaptula. Pesa baadaye, tukishapata video ya kitambaa kwenye mwanga wa jua na sote tukaiona. Asiye na cherehani asiogope, zipo mbili za mguu kwenye kikundi na zamu zinapangwa. Kaka zetu mnaosema hamjui kushona, kukata uzi na kubandika vifungo kunajifunzwa siku moja.