Ofu si mapumziko: Nani anahesabu usingizi wa wafanyakazi wa uwanja wa ndege?

Ukifika JKIA saa kumi na moja alfajiri kupanda ndege ya kwenda Mombasa, dada wa kaunta anakusalimia kwa tabasamu. Umewahi kujiuliza aliamka saa ngapi? Labda hata hakulala.

Nina rafiki anayepakia mizigo pale, chini ya kampuni ya kandarasi. Tulianza chuo pamoja. Mimi niliacha, yeye akamaliza, na mtaani kwetu yeye ndiye anahesabiwa ametoboa kwa sababu ana beji ya uwanja wa ndege. Desemba, wakati wewe unatafuta tiketi ya Pwani, yeye anapiga shifti za usiku za saa 12, nne mfululizo, kisha anapata siku mbili za ofu.

Ofu moja nilimpigia mchana. Alikuwa ndani ya matatu, anatoka matanga Machakos, anawahi mkutano wa chama Kayole. Nikamuuliza kama amelala. Akacheka: “Si nitalala hapa kwa gari.”

Hapo ndipo shida ilipo. Tunadhani mtu akiwa hayuko kazini basi anapumzika. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na sekta ya ndege yenyewe ilijifunza hilo kwa gharama kubwa.

Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani. Watu 50 walikufa. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi rubani alivyoiendesha, lakini pia waliona kwamba uchovu huenda ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, ng’ambo ya pili ya nchi, ili afike kazini. Kwa karatasi, hakuwa zamuni. Kwa mwili, hakuwa amepumzika.

Sheria mpya ya Marekani ilipoanza kutumika 2014, ilitaka marubani wa ndege za abiria wapate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Mwaka wa 2022, wahudumu wa ndani ya ndege nao wakapewa saa 10. Ona tofauti: kwa marubani, sheria iliuliza mpaka nafasi ya kulala iko wapi.

Hata hapa kwetu, ndege ya Kenya Airways ya kwenda New York, safari ya takriban saa 15, hubeba marubani wa kupokezana, na Dreamliner ina vitanda vya wahudumu kujinyoosha. Huko juu, uchovu unahesabiwa kama suala la usalama.

Sasa shuka chini, kwa wanaopakia mizigo, wanaosafisha ndege na wanaokagua mabegi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kanuni za jumla za mishahara zinaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita, na saa 60 kwa kazi ya usiku. Ni ulinzi mzuri, ukifuatwa. Lakini hakuna anayehesabu kinachobaki baada ya hapo.

Hebu tuhesabu. Toa saa 12 za shifti, zinabaki 12. Foleni ya Mombasa Road, kwenda na kurudi, weka saa tatu. Kupika, kuoga na kufua, mbili. Zimebaki saba, na hizo ni za mchana, pale Pipeline, jirani akiwa na woofer na mwenye maji akipiga kelele na mkokoteni. Isitoshe, saa ya mwili hufuata mwanga wa jua. Hata kukiwa kimya, usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi.

Basi mbona asikatae shifti ya ziada? Kwa sababu anaogopa. Septemba 11, 2024 wafanyakazi walipogoma JKIA kupinga mpango wa kukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani, hofu yao kubwa ilikuwa kupoteza kazi na kupewa masharti mabaya zaidi. Mpango huo ulifutwa Novemba mwaka huo. Lakini mwenye mkataba wa miezi michache bado hana ujasiri wa kumwambia msimamizi, “Leo siwezi.” Uchovu wake ni tatizo la kandarasi kabla ya kuwa tatizo la usingizi.

Kwa hivyo ukiambiwa dawa ni wikendi Diani, usikubali haraka. Kama unafanya kazi ya zamu, siku ya kwanza ya ofu ni ya kulipa deni la usingizi. Funika dirisha, zima simu, acha kahawa saa kadhaa kabla ya kulala. Siku ya pili ndiyo toka, ota jua, ona watu. Na weka rekodi ya saa zako kila wiki. Ukienda kwa chama cha wafanyakazi na tarehe na saa, utasikizwa kuliko ukienda na malalamiko.

Kama wewe ni ndugu au rafiki, acha kuona ofu ya mwenzako kama nafasi ya kumtuma. Na waajiri, pamoja na wanaowapa hizo kandarasi, waulizwe swali lile marubani waliulizwa: mtu huyu atalala wapi, saa ngapi?

Wiki jana rafiki yangu alizima simu siku ya kwanza ya ofu. Saa nane mchana mamake akanipigia, sauti ina wasiwasi, kama nimemwona.

“Mama, yuko salama,” nikamwambia. “Amelala tu.”

Akanyamaza kidogo. “Mchana huu?”