Pikapu kuukuu za Bagamoyo: Chesisi kwanza, rangi baadaye

KATIKA barabara itokayo Bunju kupita Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo, si jambo geni kuona pikapu ya Land Rover ya zamani imeegeshwa chini ya mkorosho au nyuma ya gereji, matairi yamezama mchangani na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe akiulizwa husema gari ni zima, limekosa betri tu.

Magari hayo yana historia yake. Serikali, misheni na mashamba makubwa ndiyo yaliyokuwa wateja wake wakubwa, na mwanakijiji wa zamani akiona vumbi la Land Rover alijua kuwa anakuja ama bwana shamba ama mtu wa kodi. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, pikapu za Kijapani zilianza kumiminika na Land Rover ikapoteza soko. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, mengine yalipigwa mnada kwa bei ya kutupa. Waliyoyanunua waliyatumia hadi yakazimika, wakayaacha pale yalipozimikia.

Sasa yameanza kutazamwa upya. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya magari hayo na kuwakumbusha watu kuwa mkweche huu bado una wapenzi. Zaidi ya hayo, mtu anayeagiza pikapu iliyotumika kutoka nje hukutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, na gari likiwa la umri mkubwa huongezewa tozo ya uchakavu. Gari lililokwisha kuwapo nchini halina mzigo huo. Ndipo mfanyabiashara mdogo wa Bagamoyo, mwenye akiba yake kidogo, anapojiuliza kwa nini asinunue moja, alifufue, limbebee mzigo wake.

Jambo hilo linawezekana. Kinachowaumiza wanaolianza kwa mara ya kwanza si ugumu wa injini, kama wengi wanavyodhani. Wanaumia kwa sababu wanaanza na vile vinavyoonekana kwa macho.

Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Mnunuzi anaiona imekaa miaka 20 nje, imepauka tu, naye anaamini gari zima liko hivyo. Lakini chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva pia ni wa chuma. Chesisi yenyewe ni mabati yaliyochomelewa kama boksi lenye uwazi ndani, ambamo maji na tope huingia na kukaa. Kwa mtu wa Dodoma hilo ni tatizo la miaka mingi. Kwa mtu wa pwani, ambako upepo una chumvi mwaka mzima, na hasa kama gari lilikuwa likibeba chumvi au samaki wabichi, ni tatizo la miaka michache. Hata ile aluminiamu haisalimiki kabisa: pale inapokutana na bolti za chuma katika hewa ya chumvi hutoa unga mweupe na kuliwa taratibu.

Ukaguzi wake hauhitaji mtaalamu. Mnunuzi alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya gunia. Boriti ya mwisho kule nyuma na ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi ndiyo huoza kwanza. Asahau kwa muda injini na viti.

Hapa pia ndipo ufundi wa barabarani unapomponza mtu. Fundi hukata bati na kulichomelea juu ya kutu bila kuondoa kilichooza. Kiraka kinapendeza, kinapigwa rangi nyeusi, na gari linaondoka. Chumvi iliyofungiwa katikati inaendelea na kazi yake, na baada ya masika moja au mbili kiraka kinadondoka na kipande cha chesisi. Kazi halali ni kukata hadi kwenye chuma kizima, kuweka bati la unene unaostahili, kupaka rangi ya msingi, na mwishoni kupuliza oili ndani ya boksi. Uingereza wapo wanaotengeneza chesisi mpya zilizochovywa kwenye zinki, lakini usafiri na ushuru wake huifanya hesabu iwe ya mtu mwingine.

Kutu hiyo hiyo ina madhara mengine yasiyozungumzwa sana. Namba ya chesisi imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi inaposhikiliwa, yaani sehemu inayopata tope na chumvi kila siku. Ikiliwa isisomeke, mnunuzi ana gari lisiloweza kulinganishwa na kadi yake. Na kadi zenyewe ni kizungumkuti: nyingine bado ni za enzi za namba za TZ, nyingine zina jina la marehemu, nyingine ni za gari lililokuwa na namba za SU za shirika ambalo halipo tena. Ada ya leseni ya mwaka ya magari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita, kwa hiyo gari lililolala halilimbikizi tena deni hilo. Hata hivyo ni busara kuuliza TRA kuhusu gari lenyewe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Asiyeuliza ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu injini maneno ni machache. Ile ya sentimita za ujazo 2,286 ni rahisi na mafundi wa makamo wanaijua. La kuangalia ni kwamba hadi karibu 1980 krenki yake ilikaa kwenye beringi kuu 3, na za baadaye 5. Anayekwenda Gerezani kununua beringi bila kujua yake ni ipi atarudi Bagamoyo na mzigo usiofaa. Wengi waliishaing'oa na kuweka dizeli ya Toyota. Si vibaya kwa kazi, lakini namba ya injini lazima iwe imebadilishwa kwenye kadi.

Sasa fedha. Tuseme mfanyabiashara wa nanasi wa Kiwangwa ana akiba ya shilingi milioni 12, na gari analipata kwa milioni 4. Takwimu hizi ni za mfano tu. Milioni 8 zilizobaki akizianzia kwenye chesisi, breki, usukani na matairi, kisha injini, zikamwishia kabla ya rangi, ana gari bovu la sura linaloweza kwenda shamba kesho. Akizianzia kwenye rangi, viti na redio, zikamwishia kabla ya chesisi, ana sanamu. Na fedha hizo zisitoke kwenye mtaji wa mzunguko. Nanasi haisubiri mtu amalize gereji, na mkopo wa SACCOS una marejesho ya kila mwezi wakati gari bado liko juu ya mawe.

Kazi ya gari nayo ihesabiwe kwa ukweli. Tangu kuwekwa lami barabara ya kilometa 64 kutoka Bagamoyo kupitia Kiwangwa hadi Msata, Kirikuu inafanya safari hiyo bila shida. Land Rover ya petroli, ikiwa nzima, hutumia lita 1 kwa kilometa 6 hivi. Kwenda Dar es Salaam na kurudi ni lita 20 na ushee. Kirikuu haifiki nusu ya hapo. Anayetaka gari la kushindana kwenye lami anunue Kirikuu na aache ushabiki. Land Rover inalipa pale Kirikuu inapokwama: njia za ndani ya mashamba wakati wa masika, kwenye mashimo ya chumvi, na kwa mzigo unaokaribia tani. Mwenye kazi ya namna hiyo miezi 3 tu kwa mwaka afikirie pia kukodisha, na akibebea watu wengine kwa malipo, leseni ya LATRA nayo iingie kwenye daftari.

Atakayeamua kwenda kukagua aende asubuhi siku iliyofuatia mvua, wakati maji bado yanachuruzika kutoka kwenye matundu ambayo mwenye gari hakuyataja. Achukue nyundo, bisibisi na brashi ya waya ya kusugulia ile namba, na aombe kuiona kadi kabla ya kutajiwa bei.