Gunia la Kori Nane

Mkulima wa viazi anaujua ubaya wa neno "gunia". Yeye na mnunuzi wanaweza kupatana bei kwa dakika mbili na wakapeana mikono, kisha gunia lenyewe likashonewa kilemba juu, likawa lumbesa, na mkulima akaondoka amelipwa gunia moja ilhali ametoa moja na nusu. Hakuna aliyesema uongo, maana ukihesabu magunia ni moja kweli. Ndiyo sababu Tanzania sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, na Kenya mfuko wa viazi umewekewa kikomo cha kilo 50: ugomvi haukuwa wa bei, ulikuwa wa chombo cha kupimia. Tumelifungulia sokoni toleo hili la kompyuta na wavuti kwa sababu mabishano yanayojaa mtandaoni kuhusu prosesa, RAM na vivinjari mengi yake ni mabishano ya lumbesa. Mmoja anasema simu yake ina kori nane, mwenzake anajibu kwamba yake inafika gigahezi tatu, wa tatu anatupia picha ya alama za jaribio, na ikifika saa sita usiku wote wametukanana na kila mmoja alikuwa anasema kweli. Hoja yetu ni kwamba ubishi wa namna hii hauishi kwa kuongeza namba. Unaisha pale wabishani wanapokubaliana, kabla ya kupima, ni kazi gani inayopimwa.

Tuanze na gigahezi, lumbesa kongwe kuliko zote. Tarehe 20 Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4 za gigahezi 1.4 na 1.5, wakati Pentium III iliyotangulia ilikuwa imefika gigahezi 1. Kwa mnunuzi wa kawaida hesabu ilikuwa imekwisha. Lakini gigahezi huhesabu mapigo ya saa ya prosesa, mara bilioni ngapi kwa sekunde. Hazisemi kila pigo linamaliza kazi kiasi gani. Anayechota maji mara mia kwa kikombe hamshindi anayechota mara arobaini kwa ndoo. Wahandisi wa Pentium 4 waliigawa safari ya kila amri katika hatua 20, mara mbili ya zile 10 za Pentium III, ili kila hatua iwe fupi na saa iweze kupiga haraka. Gharama yake ni kwamba prosesa ikibashiri vibaya amri inayofuata, kazi iliyokwisha kuingia kwenye foleni hiyo ndefu inamwagwa na kuanza upya. Ikatokea kwamba katika baadhi ya majaribio ya mwanzo chipu mpya ilizidiwa na Pentium III ya gigahezi 1. Washindani hawakulaza damu. Oktoba 2001 AMD iliipa Athlon XP ya gigahezi 1.33 jina la 1500+ na kuiacha gigahezi nyuma ya pazia. Miezi michache kabla, Julai, Apple ilipanda jukwaani New York na kuonyesha kompyuta yake yenye chipu ya G4 ya megahezi 867 ikiishinda Pentium 4 ya gigahezi 1.7 katika kazi za Photoshop. Hapo ndipo msomaji makini anapaswa kusita. Apple ilisema kweli kuhusu gigahezi, ila kazi ya kupimia iliichagua yenyewe, na Juni 2005 ikatangaza kwamba inahamia kwenye chipu za Intel hiyo hiyo. Intel nayo ilikuwa imekwishageuza njia: 2004 ilifuta mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na 2006 ikaleta Core 2 Duo, zenye gigahezi pungufu na kazi nyingi zaidi. Mwaka 2014 ilikubali kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 15 kila mmoja ili kuimaliza kesi iliyodai kuwa vipimo vya mwanzo vya Pentium 4 vilipikwa. Haikukiri kosa.

Gigahezi zilipochuja, zikaja kori, yaani vitengo vya kukokotoa ndani ya chipu, na kori zina matata zaidi kwa sababu hata maana yake inabishaniwa. Oktoba 2011 AMD ilitoa chipu za FX zilizouzwa kuwa na kori nane. Ndani yake kori zilipangwa mbili mbili, na kila jozi iligawana sehemu moja ya kukokotoa namba za desimali. Je, hizo ni nane au ni nne zilizopanuliwa? Kwa hesabu za namba kamili unaweza kuzitetea kuwa nane. Kwa hesabu za desimali, mlalamikaji ana neno. Suala hilo lilifika mahakamani Marekani 2015 na likaishia kwenye makubaliano ya dola milioni 12.1 mwaka 2019, kampuni ikishikilia kwamba haikukosea. GB nazo zina kisa cha aina hiyo: mtengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, Windows huhesabu 1,073,741,824, na mwenye diski ya GB 500 anaona 465 kwenye skrini na kudhani ameibiwa. (Kadi za memori feki si za mjadala huu. Kadi iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake ni wizi, na dawa yake ni kuijaza yote na kuisoma tena.) Karibu zaidi na lumbesa ni zile simu zinazonadiwa kuwa na "RAM 16GB", halafu kwa maandishi madogo 8+8: nane za RAM, na nane zilizokopwa kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Kukopa huko kuna faida yake, kwa maana programu uliyoiacha nyuma huenda isifungwe. Kujumlisha nane na nane ndiko kushona kilemba.

Wavuti ndiyo inayoumbua namba hizi vizuri kuliko kitu kingine. Ukurasa wa leo haubebi maneno na picha tu. Unabeba programu za JavaScript ambazo simu lazima izisome, izitafsiri na kuziendesha, na kwa kawaida sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita kwenye uzi mmoja, yaani kori moja ndiyo inayotoka jasho na nyingine saba zinaangalia. Simu ya bei nafuu yenye kori nane ndogo ni sawa na wabeba mizigo wanane mbele ya mlango unaopitisha mmoja. iPhone 6s ya 2015 ilikuwa na kori mbili tu, na katika majaribio ya JavaScript iliziacha mbali simu nyingi za kori nane za wakati wake. Anayesema kori nane ni nyingi kuliko mbili hajakosea hesabu, ila amejibu swali ambalo ukurasa haukuuliza. Akihama kutoka kusoma gazeti kwenye kivinjari akaenda kubana video, kazi inayoweza kugawanywa, kori zake nane zitaanza kuwa na maana, na mabishano yataanza upya kwa haki.

Basi tupime kwa kazi. Lakini kazi ipi, na nani aichague? Vivinjari vimetumbukia katika shimo hili mara kadhaa. Apple ilipotoa jaribio la SunSpider mwaka 2007, kila kivinjari kilianza kukimbizana nalo. Novemba 2010 mhandisi wa Mozilla, waundaji wa Firefox, alibaini kuwa Internet Explorer 9, ikiwa bado ya majaribio, ilimaliza kipengele kimoja kwa kasi isiyoelezeka. Alipoongeza msimbo kidogo usiobadilisha jibu, kasi ikayeyuka. Microsoft ilieleza kuwa kivinjari chake kinatambua hesabu ambayo jibu lake halitumiki na kuiruka. Maelezo hayo yanawezekana kabisa, na ndiyo yanayolihukumu jaribio: lilikuwa linapima hesabu isiyohitajiwa na mtu. Google ilitoa jaribio la Octane mwaka 2012, ikalistaafisha yenyewe 2017, ikisema kukimbilia alama zake kulikuwa hakuzisaidii tena tovuti halisi na mara nyingine kunazidhuru. Kwenye simu mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Mwaka 2013 waandishi wa tovuti ya AnandTech waligundua kwamba Galaxy S4 yenye chipu ya Exynos ilipandisha kasi ya chipu ya michoro hadi megahezi 533 pale tu programu fulani za majaribio zilipofunguliwa. Kwa kazi nyingine ilikomea 480. Simu ilikuwa inajua iko mtihanini. Tukirudi kwenye vivinjari, WebAssembly, aina ya msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, iliyoingia kwenye vivinjari vikuu 2017, ilinadiwa kwa kasi inayokaribia ile ya programu zilizosimikwa kwenye mashine. Ushahidi wa mwanzo ulikuwa majaribio 24 mafupi ya hesabu, na mengi yake hayakuzidi mara mbili ya muda wa programu hizo. Mwaka 2019 watafiti walipoendesha programu kubwa za kipimo cha SPEC, walikuta zinachelewa kwa wastani wa asilimia 45 ndani ya Firefox na 55 ndani ya Chrome. Hakuna utafiti hapo uliomkanusha mwenzake. Mmoja ulipima kibaba, mwingine ukapima pishi, na wabishani wakanukuu ule unaowafaa.

Atakayetupinga atasema kwamba haya ni ya wataalamu. Mtu aliyesimama dukani Kariakoo au Luthuli na akiba yake mkononi hana wiki ya kufanya majaribio. Anahitaji namba fupi, na tukimnyang'anya namba tumemrudisha kwenye jina la kampuni na maneno ya muuzaji. Pingamizi hilo lina uzito, nasi hatutaki kufuta namba. Hata sokoni hatukufuta gunia. Tulilitia kwenye mizani. Tunachodai ni kwamba mwenye kutoa namba ndiye abebe mzigo wa kusema ni ya kazi gani. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kila kipimo kinachojulikana hatimaye kitachezewa, kama mifano yetu wenyewe inavyoonyesha. Ni kweli, na mizani ya dukani nayo huharibika au huharibiwa, ndiyo maana hukaguliwa na kupigwa chapa upya kila baada ya muda. Octane haikuwa aibu kwa kufa. Ingekuwa aibu kama ingebaki. Tena kuna mfano wa jambo lililokwenda vizuri. Speedometer 3, jaribio la vivinjari lililotoka Machi 2024, lilitengenezwa kwa pamoja na Apple, Google na Mozilla, wapinzani wanaogombea watumiaji wale wale, chini ya utaratibu ambao mabadiliko makubwa ya jaribio yanahitaji ridhaa ya wote. Waliafikiana juu ya mizani kwanza, wakabaki na uhuru wa kugombania uzito.

Na yule anayeandika tu, "Simu yangu mwaka wa tatu huu, haijaganda hata siku moja"? Wajuzi humcheka, kwa kuwa ushahidi wa mtu mmoja si ushahidi. Sisi tungempa kiti mbele ya mwenye gigahezi. Mwulize anaifanyia nini simu hiyo na atakujibu: WhatsApp, redio, kutuma pesa, gazeti asubuhi. Tayari ametaja kazi, na kazi hiyo mwingine anaweza kuirudia na kuona kama inaganda au haigandi.

Kuna kundi jingine linalojitoa kwenye ubishi huu kirahisi mno, nalo ni watengenezaji wa tovuti. Mtu akilalamika kwamba ukurasa ni mzito, jibu ni anunue simu bora. Mwaka 2011 ukurasa wa kati, yaani ule unaoacha nusu ya kurasa juu yake na nusu chini, haukufika MB 1. Leo umepita MB 2. Ongezeko hilo analilipia mwenye simu kwa bando, kwa chaji na kwa subira, kisha anaambiwa kosa ni la simu. Opera Mini ilionyesha karibu miaka ishirini iliyopita kwamba si lazima iwe hivyo: kompyuta za mbali ziliufungua ukurasa, zikaukamua, na kumpelekea mwenye Nokia ndogo kile alichohitaji. Ilikuwa na kikomo chake, kwani kurasa zenye vitufe vingi vya kubonyeza zilivunjika. Hata hivyo ilithibitisha kwamba uzito wa ukurasa ni uamuzi wa mtu. Leo kivinjari cha Chrome kina zana za kumwezesha mtengenezaji kuipunguza kasi prosesa ya kompyuta yake mara nne au sita na kuona tovuti yake inavyoburuta. Bonyezo moja tu. Asiyelibonyeza hana haki ya kusema lolote kuhusu simu ya mtu.

Kwa hiyo tumewawekea waandishi wa toleo hili sharti moja, na wengine wamelilalamikia: kila namba iandamane na kazi, na kazi ielezwe kiasi cha mtu mwingine kuweza kuirudia. Utaona makala zimekuwa ndefu kidogo kwa sababu hiyo. Tumebakiwa pia na pengo ambalo hatukuweza kulijaza kwa kuazima. Kazi za Speedometer ni orodha za mambo ya kufanya, chati, maandishi ya kuhariri, kurasa za habari. Zote nzuri, na zote zinamchukulia mtu aliyetulia kwenye ukurasa mmoja. Haimo kazi ambayo mwenye simu ya RAM ya GB 2 anaijua kuliko zote: kujaza fomu ndefu kwenye kivinjari, kutoka kwenda kusoma namba ya siri iliyoletwa kwa SMS, na kurudi kukuta ukurasa unajipakia upya, fomu tupu. Jaribio lake ni jepesi kulieleza. Jaza fomu, toka, soma ujumbe, rudi, tazama kama ulichoandika kipo. Orodha ya simu na tovuti tulizozipitisha humo inaanza ukurasa unaofuata, pamoja na hatua zote, ili atakayebisha aanze kwa kulirudia.