Mombasa imechezwa New York, kijana wa Miritini ataigizia wapi?

Kijana mwenzangu wa Miritini, hebu weka simu chini dakika tano tuzungumze.

Mei 2025 watu wa New York walikata tiketi wakaingia ukumbi wa Public Theater kutazama mji wako. Mchezo unaitwa Goddess, ni tamthilia ya muziki, na mambo yake yanatokea hapa hapa Mombasa, kwenye klabu ya usiku inayoitwa Moto Moto. Kuna kijana anaitwa Omari, ametoka kusoma Marekani. Familia inamvuta aingie siasa kama baba yake, lakini roho yake iko kwenye saksafoni. Klabuni anakutana na mwimbaji, Nadira, mwanamke mwenye siri nzito.

Mwelekezi wa mchezo huo ni Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Nadira aliigizwa na Amber Iman, Mmarekani kutoka Atlanta.

Najua swali litakaloulizwa kijiweni: mbona Mmarekani ndiye amepewa kuwa mwanamke wa Mombasa? Si swali baya. Lakini kuna lingine linalotuhusu zaidi: Nadira wetu, aliyezaliwa hapa kwetu na ana sauti hiyo hiyo, angefika wapi?

Tuangalie safari ya huyo dada kwanza. Amber Iman alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Aliingia Broadway mwaka 2013 katika Soul Doctor, akiigiza kama mwanamuziki Nina Simone. Mchezo ule ulifungwa baada ya miezi miwili hivi. Mwaka 2016 akawa kwenye Shuffle Along, nao ukafungwa Julai mwaka huo huo. Mwaka 2024 akapata nafasi kubwa katika Lempicka, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, ambayo ndiyo kubwa kabisa kwa watu wa jukwaa Marekani. Mchezo ulizinduliwa Aprili, na kufikia Mei 19 ulikuwa umefungwa.

Umeona hesabu hiyo? Mara tatu amepanda Broadway, mara tatu kazi imekatika mapema. Na Goddess yenyewe haikuanza juzi. Ilionyeshwa kwanza Berkeley, California, mwaka 2022, yeye akiwa Nadira, ndipo ikafika New York miaka mitatu baadaye.

Basi usidanganywe kuwa kule mambo ni mteremko. Uigizaji wa jukwaani ni kibarua kama vibarua vingine: leo upo, kesho uko nyumbani unangoja simu. Kwa hilo yeye na mtoto wa Miritini ni sawasawa.

Wanapotofautiana ni hapa: anapoanguka, kuna kitu chini kinachomdaka. Waigizaji wa Marekani wana chama chao, Actors' Equity, kilichoundwa 1913. Chama hicho hujadiliana na wenye kumbi kuhusu mshahara wa chini, saa za mazoezi na bima ya afya. Mchezo ukifungwa, mkataba unaeleza nani analipwa nini. Tena Amber Iman mwenyewe hakukaa akingoja kusaidiwa. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Broadway Advocacy Coalition, kundi la wasanii wanaotumia sanaa kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 2021 kundi hilo lilikabidhiwa tuzo maalumu ya Tony.

Sasa turudi nyumbani. Miritini ina kituo kikuu cha reli ya SGR tangu 2017. Ina barabara kuu, ina malori na makontena mpaka basi. Mgeni wa Nairobi akishuka treni, sisi ndio Mombasa ya kwanza anayoiona. Lakini kijana wa hapa akitaka jukwaa la kweli, lenye taa na viti, apande matatu avuke Makupa aende kisiwani: Little Theatre Club kule Mbaraki, au Swahilipot karibu na Fort Jesus. Nauli ya kwenda na kurudi, mazoezi mara nne kwa wiki, na bado hajalipwa hata shilingi. Wangapi wataweza?

Shuleni tunafundishwa kuigiza vizuri sana. Tamasha za kitaifa za drama zinajaza kumbi kila mwaka, na tamthilia ni lazima kwenye fasihi ya Kiswahili. Hata mtaala mpya umeweka sanaa na michezo kuwa mkondo kamili katika sekondari ya juu. Lakini ukimaliza shule, pazia linashuka. Anayebaki kwenye sanaa huishi kwa michezo ya mashirika, leo malaria, kesho amani ya uchaguzi. Akiugua, ni juu yake. Asiye na mshahara hulipia SHA mwenyewe, angalau shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu ni kulipia mwaka mzima. Hiyo ni 3,600 kabla hujaona daktari.

Na usiseme serikali haijui nguvu ya jukwaa. Aprili 10, 2025, wasichana wa Butere walikuwa Nakuru na mchezo wao wa Echoes of War. Polisi walirusha vitoa machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Mchezo wa shule usingeitiwa polisi kama ungekuwa upuzi wa watoto.

Kwa hiyo tufanye nini?

Kwanza, tujue haki yetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia shughuli za utamaduni na vituo vyake. Ukumbi wa Miritini si zawadi ya mheshimiwa, ni kazi ya kaunti. Uchaguzi wa Agosti 2027 uko njiani, na watakuja kutuita tuchangamshe mikutano yao kwa elfu moja na fulana. Wakija, waulizwe: ukumbi uko kwenye bajeti ya mwaka gani? Na vikao vya maoni ya bajeti vikiitishwa, twende, tusiwaachie wazee peke yao.

Pili, tuungane. Waigizaji kumi wenye daftari moja, katiba ndogo na bei waliyokubaliana hawachezewi kama mmoja mmoja. Kenya Actors Guild ipo. Jiandikishe, na ukishajiandikisha, uliza maswali.

Tatu, kila kazi iwe na maandishi. Hata ukurasa mmoja: siku ngapi, pesa ngapi, nani analipa nauli. Akikataa kuandika, mjue mapema kabla hujatoka jasho.

New York imelipia kuiona Mombasa ya kuigizwa. Mombasa yenyewe iko hapa, na ina vijana wanaofanya mazoezi uani jioni, malori yakipita. Kipaji wanacho. Kinachokosekana ni ukumbi, mkataba na bima, na vyote vitatu vina mtu wa kudaiwa.