KAMPUNI IKIFA, JASHO LA MKULIMA LISIZIKWE NAYO



Liko swali linaloulizwa siku hizi kila mahali, tangu ofisi za Dodoma hadi vijiwe vya kahawa vya Tabora: kampuni iliyoelemewa na hasara iokolewe kwa fedha za umma, au iachwe ianguke? Swali hili huletwa mbele yetu kana kwamba lina majibu mawili tu. Upande mmoja wamesimama mabwana wanaosema, "Soko ndilo hakimu, anayeshindwa na aondoke." Upande wa pili wamesimama mabwana wanaolia, "Tuokoeni, maana tukianguka sisi nchi nzima itaanguka." Tukiwatazama vizuri usoni, mara nyingi ni watu wale wale. Wakipata faida husifu soko. Wakipata hasara huikumbuka Hazina.

Wazee wetu walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Mabwana hawa wanataka zaidi ya hapo. Janga tule pamoja, lakini neema wale peke yao.

Sisi twasema hivi. Kampuni ni chombo, na chombo kikivunjika hutupwa. Lakini kilichomo ndani yake, yaani jasho la mkulima, mshahara wa mfanyakazi, njia, ghala na ujuzi wa kazi, hicho si mali ya chombo. Hakuna bwana mwenye haki ya kukizika pamoja na kampuni yake, wala hakuna mwenye haki ya kukishika rehani ili tumwokoe yeye.

Mkoa wetu una ushahidi wa kutosha. Kampuni zimekuja Unyamwezi na kampuni zimekwenda. Tazameni waliobaki na hasara mikononi.

NANI ALIMLIPA MPAGAZI?

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara, kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mtaji wa misafara ile ulitoka Unguja. Tajiri Taria Topan alimkopesha Tippu Tip, naye Tippu Tip akaja bara kutafuta pembe. Pembe zikipatikana, faida ilirudi pwani. Zikikosekana, mfanyabiashara aliyedaiwa aliogopa kurudi Unguja, akajikalia bara huku deni likizeeka.

Lakini mzigo ulibebwa na nani? Ulibebwa na mpagazi wa Kinyamwezi, kwa miguu yake, kwa ujira wa nguo za merikani na posho. Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871 na njia ikafungwa, wenye mtaji walihesabu hasara ya pembe. Hasara ya mpagazi ilihesabiwa katika daftari gani?

Hatuililii biashara ile. Ilikuwa na damu ya watumwa ndani yake, na kufa kwake kulikuwa haki. Mwaka 1912 reli ya Wajerumani ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Msafara ukafa, na ulistahili kufa. Lakini kuuacha msafara ufe ni jambo moja, na kumwacha mpagazi bila kumwuliza kesho atakula nini ni jambo jingine. Wakoloni waliyachanganya mambo haya mawili kwa makusudi, kwa sababu kwao mpagazi alikuwa sehemu ya mzigo. Sisi tuliojitawala tangu mwaka 1961 hatuna ruhusa ya kuyachanganya.

KARANGA ZA URAMBO

Njooni sasa Urambo, nchi ya Mirambo mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipeleka Serikali ya London shauri la kulima karanga Afrika. Mpango uliotoka hapo ulikuwa wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, huko Kongwa, Nachingwea na Urambo kwetu. Mwaka 1947 walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa mwaka ule hazikufika 8,000. Matrekta yaliyotoka vitani yalivunjika juu ya mizizi, na udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama tofali mvua ilipokatika.

Je, waliacha? Hawakuacha. Mwaka 1948 kazi ilihamishiwa shirika la Serikali, Overseas Food Corporation, na fedha zikaendelea kumwagwa, maana kukubali kushindwa kungekuwa aibu kwa wakubwa Bungeni London. Mpaka walipokata tamaa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimefutwa vitabuni. Hilo ndilo somo la kwanza: kampuni inayookolewa kwa ajili ya heshima ya wakubwa haiokoki. Hufa ile ile, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Somo la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Karanga zilikufa Urambo, lakini Urambo haikufa. Ardhi iliyofyekwa ilibaki. Reli ilikuwa pale pale. Baadaye shirika jipya la kilimo la Tanganyika lilishika mashamba yale, na baada ya muda wakulima wa Kiafrika wakaonyesha kwa tumbaku kile ambacho wataalamu wa London hawakuweza kukionyesha kwa karanga. Kampuni ilizikwa, kazi ikaendelea. Na aliyeiendeleza alikuwa yule yule mwananchi ambaye mwaka 1946 hakuna aliyemwuliza juu ya udongo wake.

Mpanda ni hivyo hivyo. Mwaka 1950 tawi la reli lilifunguliwa kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili ya madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Kama reli ingalikuwa mali ya mgodi, ingaling'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Haikung'olewa, na watu wa Mpanda wakaitumia kwa safari zao na mazao yao miaka mingi baada ya risasi kusahauliwa. Hebu fikirini: ni kipi kilichostahili kuokolewa mwaka 1960, mgodi au reli?

TUSIWASEME WAKOLONI PEKE YAO

Lakini ndugu zetu, tusijifanye kwamba makosa haya yalikuwa ya Waingereza tu. Nasi tumekuwa na dhambi zetu, tena za namna mbili.

Ya kwanza ni kuua kwa kalamu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, na mamlaka za mazao zikashika nafasi zao. Vilikuwa na wezi ndani yake, ni kweli. Lakini dawa ya mwizi ni kumkamata mwizi. Mkulima aliyejenga ghala kwa makato ya mazao yake aliamka akakuta chama chake hakipo, naye hakupiga kura. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Miaka ile sita ya kukosa chama chake ililipwa na mkulima.

Ya pili ni kulisha maiti. Katika miaka ya 1970 na 1980 Benki ya Taifa ya Biashara iliendelea kuyakopesha mashirika yaliyokwisha kushindwa kulipa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutamka kwamba mgonjwa amekufa. Mwaka 1991 ikabidi liundwe shirika la LART la kufukuzia madeni mabovu, na mwaka 1997 benki yenyewe ikagawanywa. Mtu aliyetaka mkopo wa jembe la kukokotwa na ng'ombe aliambiwa fedha hakuna. Fedha zilikuwapo, ila zilikuwa zimelala ndani ya majeneza.

Tukaja mwaka 2009. Dunia ilipotikisika kwa msukosuko wa mabenki ya Marekani, Serikali yetu ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi. Sehemu yake ilikwenda kufidia hasara za vyama vya ushirika na makampuni yaliyonunua mazao kwa bei ya juu na kuyauza bei ilipokwisha kuanguka. Hatusemi kila senti ilipotea. Chama cha ushirika ni mali ya wakulima, na kukishika mkono ni kumshika mkulima mkono. Lakini twauliza juu ya mnunuzi binafsi: katika miaka ya bei nzuri, faida yake aliigawa na nani? Kama faida ilikuwa yake, kwa nini hasara iwe yetu?

Na reli je? Mwaka 2007 uendeshaji wa Reli ya Kati ulikabidhiwa kampuni ya TRL kwa mkataba wa miaka 25, RITES ya India ikiwa na hisa 51 kwa mia, na Serikali 49. Miaka 25 haikufika hata mitano. Wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara, mabehewa yakapungua, na mwaka 2011 reli ikawa imerudi mikononi mwa Serikali. Hapo Serikali ilifanya jambo la haki: mbia aliondoka, treni ikabaki. Tabora bila treni ni nini? Ndiyo njia panda ya Kigoma na Mwanza. Anayesema reli iachiwe soko, basi na ajitwishe mwenyewe gunia la mpunga toka Tabora hadi Dar es Salaam kama mpagazi wa zamani.

WENZETU WALIFANYAJE?

Vijana wetu wanacheza michezo ya video katika simu zao. Mwaka 1983 biashara ya michezo hiyo ilianguka Marekani. Kampuni ya Atari, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipata hasara hata ikafukia kaseti zake za michezo jangwani New Mexico. Zikafukuliwa mwaka 2014. Serikali haikuiokoa, na mwaka 1984 mwenye mali aliigawa na kuiuza. Je, michezo ilikoma? Mwaka 1985 Nintendo ya Japani iliingiza mtambo wake Marekani, na biashara ikafufuka. Kampuni ya michezo ikifa, dunia haikosi chakula.

Lakini Marekani hiyo hiyo, mwaka 2009, ilipoona kampuni ya magari ya General Motors inakufa na maelfu ya mafundi watatupwa nje, iliingiza fedha za umma. Ila tazameni namna yake: Serikali ilichukua hisa, mkuu wa kampuni akaondolewa, na wenye hisa wa zamani wakatoka mikono mitupu. Hata hao mabepari wanajua kutofautisha kazi na mwenye kampuni. Mbona sisi tunashindwa?

ROBOTA LA TUMBAKU

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma leo. Sisi tunaozunguka matawini Urambo, Kaliua na Sikonge tunasikia kilio kimoja. Mkulima huotesha kitalu kabla ya mvua. Mvua ikianza huhamisha miche, huvuna jani baada ya jani, hukausha ndani ya bani kwa kuni alizozitafuta mwenyewe, huchambua madaraja, hufunga robota. Mbolea ameikopa kupitia chama cha msingi, na wenzake wamemdhamini. Mmoja akishindwa, deni hubebwa na wote. Robota likipimwa, jani huondoka. Fedha huja baadaye, na mnunuzi akiyumba haziji kwa wakati, au haziji kabisa.

Huyo mkulima ndiye aliyeikopesha kampuni! Amempa mnunuzi mavuno ya mwaka mzima bila riba na bila dhamana. Lakini siku kampuni ikifilisika, benki iliyoshika hati ya nyumba na magari hutangulia mbele, na mkulima huambiwa asimame nyuma ya mstari. Kisha hutokea bwana wa mjini akasema, "Kampuni iokolewe kwa ajili ya wakulima." Kama ni kwa ajili ya wakulima, fedha hizo na wapewe wakulima! Kwa nini zipitie mfukoni mwa aliyewadhulumu?

Wako ndugu wanaotuambia kwamba kampuni zikiachwa zianguke, wanunuzi watapungua na bei itashuka. Hofu hiyo ina msingi, wala hatuidharau. Lakini mnunuzi asiyelipa si mnunuzi. Kumweka sokoni ili ahesabiwe ni kumdanganya mkulima kwamba ana mashindano, wakati ana deni. Dawa ni chama cha msingi chenye nguvu, chenye vitabu safi, chenye ghala lake, kiwezacho kungoja bei na kutafuta mnunuzi mwingine.

Kwa hiyo sisi twadai mambo manne.

Kwanza, mnunuzi aweke fedha benki kabla robota halijapimwa. Asiye na fedha asifike sokoni.

Pili, kampuni ikianguka, sheria imtangulize mkulima anayedai mazao na mfanyakazi anayedai mshahara, mbele ya benki na mbele ya wenye hisa.

Tatu, fedha za umma zikiingia katika kampuni, umma upate hisa, wakurugenzi walioiangusha waondoke, na hesabu zisomwe hadharani. Muda uwekwe, na ukiisha usiongezwe.

Nne, kinachotegemewa na wote, kama reli, maji na maghala, kisiwekwe rehani kwa deni la kampuni yoyote.

Viongozi wa matawi, yasomeni madai haya katika mikutano yenu kabla soko la tumbaku halijafunguliwa. Wanachama wa vyama vya msingi, ulizeni katika mkutano mkuu: mnunuzi wetu ameweka fedha wapi? Asipojibu, robota lirudi ghalani. Baba zetu walibeba mizigo ya watu wengine hadi pwani na kurudi. Sisi hatutabeba madeni yao.

UHURU NA KAZI!